Mwana wa Mhunzi na Jiko Lake

Wahenga wa pwani walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kuupuliza moto kwa mivukuto. Neno la kwanza limechakaa, na leo husikika katika methali kuliko katika karakana. Hata hivyo halikufa. Kule Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, upo ukoo wa Washana, wahunzi tangu zamani, ambao jina lao lina shina moja na neno hilo. Kutoka Ugweno hadi miteremko ya Mlima Meru, ulipo mji wa Arusha, ilikuwa safari ya miguu ya siku chache. Katika masafa hayo mafupi, jiko la namna moja lilimpa mhunzi mmoja utawala, na mwingine likampa kutengwa.

Na tulitazame kwanza jiko lenyewe. Ni shimo dogo ardhini, lenye umbo la bakuli, lililojazwa makaa ya mti mgumu. Kando yake hulazwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja ukiwa na mlizamu wa mti. Mpulizaji anapouinua mfuko hufumbua vidole, mdomo wa ngozi ukafunguka na hewa ikaingia. Anapoufumba na kuukandamiza, hewa haina njia ila ya mbele. Mifuko huwa miwili ili upepo usikatike: huu ukijaa, ule unatoa. Milizamu ya mti haigusi moto, bali huishia katika kinywa kipana cha bomba la udongo, na bomba hilo ndilo linaloingia makaani. Ongeza jiwe gumu la kuwa fuawe, nyundo na koleo, na karakana imekamilika. Mhunzi akitaka kuhama, ngozi hukunjwa, vyuma hufungwa, naye hubeba mzigo wake. Shimo na udongo atavikuta popote aendako.

Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya Wapare, alieleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Enzi yao ilisimama juu ya chuma. Aliyehitaji jembe la kulimia au silaha ya kujilindia alikwenda kwao. Walipong'olewa madarakani, ujuzi wao haukung'olewa pamoja nao. Nchi iliendelea kuwahitaji, na jina lao lipo hadi leo.

Upande wa Meru mambo yalikuwa mengine. Katika karne ya kumi na tisa Waarusha walitoka Arusha Chini, kusini ya Kilimanjaro, wakakaa katika miteremko hiyo jirani na Wameru. Walikuwa wakulima, lakini lugha yao ilikuwa Kimaa na marika yao yalifuata mfano wa Wamasai. Majina ya Kimaa kama Engutoto na Ngarenaro yangalimo mjini. Katika ulimwengu huo wa Kimaa, wahunzi waliitwa il-kunono. Walioana wao kwa wao. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyechapisha kitabu juu ya Wamasai mwaka 1904, aliandika kwamba mtu alipopokea kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi, alijipaka kwanza mafuta mkononi. Aliandika pia kwamba jina la mhunzi halikutajwa baada ya jua kuchwa, kwa hofu ya kuwaita simba au maadui.

Hapo pana fumbo la kutafakari. Morani alijivunia mkuki kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Aliulalia, aliungarisha, alitembea nao mbele za watu. Mkono ulioufua hakutaka kuugusa. Ng'ombe waliotekwa kwa mkuki ule walikuwa halali, na ushujaa ulioonyeshwa kwa mkuki ule uliimbwa. Aliyeuzaa mkuki hakupewa mke nje ya ukoo wake. Ikiwa dharau hiyo ilitoka katika moto au katika chuma, basi Ugweno nako ingekuwapo. Moto ulikuwa ule ule na ngozi zilikuwa zile zile. Waliotofautiana ni wanadamu.

Pwani nayo haikuwa mbali na jambo hili. Hapo kale wahunzi wa bara walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika mikondo ya maji, wakauyeyusha. Misafara ya karne ya kumi na tisa kutoka Pangani na Mombasa iliwaletea njia fupi: seng'enge. Joseph Thomson, aliyevuka Umasaini mwaka 1883 na 1884, alibeba nyaya za chuma pamoja na shanga na nguo, maana bila hizo hapakuwa na kupita. Nyingine zilizungushwa mikononi na miguuni mwa wanawake kuwa pambo. Nyingine ziliingia makaani, na wahunzi wa Uchaga walisifika kwa mikuki waliyoifua kwa nyaya hizo. Hivyo mfanyabiashara wa pwani aliyeuogopa mkuki wa bara huenda aliwahi kuubeba mwenyewe, ukiwa bado ni waya mabegani mwa wapagazi wake.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, katika Meru. Wajerumani walijibu kwa bunduki na moto. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli huko Moshi pamoja na viongozi wengine wa Uchaga, Meru na Arusha, na mwaka huo huo boma lao likasimama Arusha. Mkuki ulishindwa, na majembe ya viwandani yakaingia sokoni. Lakini jiko halikuzimika, lilibadili chakula. Reli na malori yalileta chuma chakavu: kipande cha reli kikawa fuawe, na springi ya gari ikawa panga.

Serikali ilipounda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973, mhunzi wa kijijini alikuwa bado kazini, na mtafiti Jens Müller alimwandikia kitabu kizima mwaka 1980. Leo mtu wa mjini anayetaka kujiundia jiko dogo uani, kwa kujifurahisha tu, atatumia ringi ya gari, udongo wa mfinyanzi, bomba la chuma na feni ndogo. Kanuni haikuongezeka: makaa, upepo usiokatika, na njia ya upepo isiyoungua.

Katika mkoa huo huo wa Arusha, kando ya Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga wangali wanapuliza ngozi za mbuzi. Kufuli na mabomba ya shaba yaliyochakaa huyageuza kuwa bangili; misumari huifua kuwa vyembe vya mishale, ambavyo Wahadzabe huvibadilisha kwa asali. Nao pia wamedharauliwa na ndugu zao wafugaji, na wameoana wao kwa wao. Mmoja hushika nyundo. Mwingine wa ukoo huo huo huketi kando ya shimo, mikono yake ikipokezana juu ya mifuko miwili, akivukuta.