Foklifti mpya zina kompyuta: dereva anahitaji kufundishwa nini?

Kwenye ghala la korosho, kiwanda cha saruji au bandarini utaiona foklifti: gari fupi lenye meno mawili mbele, linaloinua mizigo iliyopangwa juu ya paleti, vile vichanja vya mbao. Kazi iliyokuwa ya makuli wengi na migongo yao, sasa inafanywa na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti. Kwa kijana anayetoka kijijini kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Mtwara, Mombasa au nchi za Ghuba, hii ni kazi inayoeleweka: inahitaji ujuzi, na haihitaji miaka mingi ya shule.

Ila foklifti ya leo si ile ya zamani yenye injini ya dizeli na vyuma vitupu. Ina vihisi, kamera, kioo cha kompyuta na nambari ya siri. Dereva aliyeiendesha ile ya zamani kwa miaka 15 anaweza kuangusha mzigo siku ya kwanza kwenye mpya.

Tuanze na kisichobadilika, kwa sababu hakuna kompyuta inayokifuta. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake hufagia nje. Anayesimama karibu nao hugongwa hata kama meno yamempita. Pia mashine hii, ingawa ina magurudumu manne, husimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya mbele, na pini ya katikati ya ekseli ya nyuma. Uzito wa mashine na mzigo ukitoka nje ya pembetatu hiyo, inapinduka. Kona kali, mteremko au mzigo ulioinuliwa juu wakati wa kutembea, yote husogeza uzito huo.

Kisha kuna kibao cha uwezo. Tuchukue foklifti iliyoandikwa tani 2.5 kwa umbali wa milimita 500. Maana yake si kwamba inabeba tani 2.5 vyovyote vile. Inabeba hizo ikiwa katikati ya mzigo ni milimita 500 kutoka pale meno yanapoanza. Magunia 25 ya mahindi ya kilo 100 yakipangwa vizuri karibu na mlingoti ni sawa. Magunia hayohayo yakisukumwa mbele zaidi, tayari ni mzigo mzito kupita kiasi. Mafunzo yasiyomfundisha dereva kusoma kibao hiki hayajaanza.

Mapya ni yapi?

Mengine ni mepesi kuelewa. Kiti kina swichi: dereva akinyanyuka, mashine inaacha kutembea na meno hayapandi. Baadhi haziwaki bila kadi au nambari ya siri. Nyingine hupima mzigo na kuonyesha kilo kwenye kioo, au hupunguza mwendo zenyewe kwenye kona. Toyota ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuuza foklifti ambazo vihisi vyake hufunga ekseli ya nyuma zinapoelekea kuyumba, ili zisilale ubavu. Taa ya buluu inayomulika sakafuni humwambia anayepita kwamba mashine inakuja.

Taa hiyo ina sababu nzuri. Foklifti ya betri haipigi kelele. Wapakiaji waliozoea kusikia dizeli ikinguruma hawaisikii hii ikija nyuma yao, kwa hiyo nao wanapaswa kuketishwa na kuelezwa. Mara nyingi wanasahaulika.

Kinachowasumbua zaidi madereva wazoefu ni breki. Foklifti nyingi za umeme huanza kujifunga zenyewe mguu ukitoka kwenye pedali ya mafuta, na nguvu hiyo hurudishwa kwenye betri. Aliyezoea kuachia pedali na kuserereka polepole atashtuka mashine ikikaza, na magunia yatateleza mbele. Dawa yake ni saa kadhaa za mazoezi, kwanza bila mzigo, halafu na mzigo mdogo. Maelezo ya mdomo pekee hayatoshi.

Betri nayo ni somo zima. Ya zamani, ya risasi na asidi, huchajiwa kwa saa kama 8 kisha huachwa ipoe, na wakati wa kuchaji hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Hivyo chumba kiwe na hewa ya kutosha, na sigara iwe mbali. Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa sahani za ndani zimebaki wazi. Ya lithiamu haina maji, na inaweza kuchajiwa kidogokidogo hata wakati wa chai. Tabia hiyohiyo ya kuchaji kidogokidogo hufupisha maisha ya betri ya risasi. Ghala lenye aina zote mbili bila mafunzo litapoteza betri, nazo ni ghali mno.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa ya vifaa hivi ni kuaminiwa kupita kiasi. Kamera ikiwa na vumbi la saruji haioni kitu. King'ora kinacholia kila dakika huzoeleka, mwisho hakisikiki. Na mashine inayopunguza mwendo huwaudhi wenye haraka, hadi fundi anaombwa kukata waya. Mkufunzi mzuri hueleza kila kifaa kinafanya nini, kinashindwa lini, na kwa nini hakiguswi.

Kuna jambo la haki pia. Mashine nyingi mpya huandika nani aliendesha, saa ngapi, na kama aligonga kitu. Ukimpa mwenzako nambari yako ya siri, rafu aliyoigonga imeandikwa kwa jina lako. Waajiri nao wawaambie madereva tangu mwanzo kinachoandikwa, maana rekodi hizo zinafaa kuonyesha nani anahitaji mafunzo zaidi kabla hazijageuka fimbo.

Nani anapaswa kufundisha?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya usalama. Marekani kanuni zimeingia ndani zaidi: dereva hufundishwa darasani na kwa vitendo, hupimwa akiwa kazini, na hupimwa tena angalau kila miaka 3. Akipewa aina nyingine ya foklifti, akipata ajali au akinusurika, anarudi mafunzoni. Kipengele hicho cha aina nyingine ndicho tungependa kukiona kikifuatwa huku kwetu. Kinachotokea mara nyingi ni muuzaji kuleta mashine, kuwaelekeza watu wawili kwa nusu siku na kuondoka. Kibarua wa zamu ya usiku anajifunza kwa kuangalia, na kioo kinamsemesha Kiingereza.

Jambo moja kila dereva alijue hata kabla ya darasa: foklifti ya kukalia ikianza kupinduka, usiruke. Wanaoruka ndio wanaolaliwa na paa la chuma. Ukiwa umefunga mkanda, shika usukani, kaza miguu na uegemee upande usioangukia. Zile za kuendesha ukiwa umesimama, zenye mlango nyuma, ni tofauti: hapo unashuka kinyumenyume na kusogea mbali.

Ukitaka kusomea kazi hii, VETA kwa Tanzania na NITA kwa Kenya ndizo za kuuliza kwanza kuhusu vyuo na vyeti. Kabla hujalipa ada popote, uliza: nitaendesha kwa mikono yangu saa ngapi? Kuna foklifti ya umeme au ya dizeli pekee? Nitapimwa nikiwa na mzigo halisi? Na cheti kitataja aina ya mashine niliyofundishwa? Mwajiri makini ataiangalia aina hiyo kabla hajakukabidhi ufunguo.