Laptopu za darasa la kwanza: swali ambalo huwa hatuulizi

Kila kampeni ikikaribia, lazima mtu asimame jukwaani aahidi watoto mashine za kusomea. Nusu ya umati unapiga makofi, nusu unauliza zile za kwanza ziliishia wapi. Uzi mfupi basi. Sitaji mtu wala chama, kwa hivyo msinivutie huko.

2013 ahadi ilikuwa laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza shule ya umma. Mapema 2014 tenda ya zaidi ya shilingi bilioni 24 ilitolewa, ikapingwa, ikafutwa na bodi ya rufaa za zabuni. Mradi ukabadilishwa, laptopu zikawa vishikwambi, na 2016 vikaanza kufika shuleni. Mwishowe vilipita milioni moja.

Hapo ndipo sisi hukwama. Huyu anataja idadi ya vifaa, yule anataja bilioni. Mtoto je, alijua kusoma zaidi?

Na hili swali lilikuwa limeshapimwa hapa hapa kwetu! Wakati siasa za laptopu zinachemka, kulikuwa na jaribio Kisumu katika mradi wa kusoma uliohusisha Wizara ya Elimu. Shule zingine walimu walipewa vishikwambi. Kwingine wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali. Kwingine kifaa alipewa tu yule afisa anayezunguka shuleni kuwashauri walimu. Matokeo yalichapishwa 2016: watoto waliendelea vizuri kuliko shule zilizokuwa nje ya mradi, lakini kumpa mtoto kifaa hakukuleta faida kubwa kuliko kumpa afisa mmoja anayehudumia shule nyingi. Sasa piga hesabu ya gharama mwenyewe.

Tena hatukuwa wa kwanza. Peru iligawa laptopu vijijini, na utafiti wa shule 319 uliotoka 2012 haukuona mabadiliko katika mitihani ya hesabu wala lugha. Kompyuta zilikuwa nyingi, watoto walizitumia, alama zikabaki pale pale.

Kitu kimoja nitausifu mradi wetu: shule nyingi zilipata stima kwa sababu yake, na stima haiibiwi kama kishikwambi.

Lakini mnakumbuka Tusome, ya 2015? Kitabu kwa kila mtoto darasa la kwanza na la pili, mwongozo kwa mwalimu, halafu kishikwambi kwa afisa ili akiingia darasani apime usomaji papo hapo. Hiyo ndiyo iliyofuata ushahidi wa Kisumu. Kwa maoni yangu ilikosa wapiga debe kwa sababu kitabu haking'ai kwenye picha.

Kwa hivyo mwingine akija na ahadi ya mashine, muulize: mmejaribu shule ngapi, mkalinganisha na nini, na nani atabadilisha betri mwaka wa tatu?

Walimu mlio hapa, vya shule yenu bado vinawaka ama viko kwa stoo?