Jenerali wa ndege aliyejulikana ardhini: safari ya John Numbi

Jenerali John Numbi alipokuwa mkuu wa jeshi la anga la Kongo, watu wa Kivu ya Kaskazini hawakumjua kwa ndege zake. Walimjua kwa mazungumzo.

Mwezi wa 11 mwaka 2006, wapiganaji wa Laurent Nkunda waliingia Sake wakielekea Goma. Helikopta zilizowasimamisha zilikuwa za MONUC. Rais Joseph Kabila, aliyekuwa ametoka tu kushinda uchaguzi, akamtuma Numbi, mtoto wa Katanga aliyemwamini, akaongee na Nkunda. Walikutana Kigali, Rwanda ikiwa mpatanishi.

Hapo ndipo ulipotoka mpango wa mixage, yaani kuchanganya. Kwa kawaida wapiganaji waliojiunga na jeshi walitakiwa kupelekwa mikoa mingine. Katika mixage, watu wa Nkunda walichanganywa na askari wa serikali katika brigedi mpya kama Alpha, Bravo na Charlie, lakini wakabaki hapahapa Kivu. Sare zilibadilika, makamanda wakabaki walewale. Kabla mwaka 2007 haujaisha mpango ulikuwa umevunjika, vita vikarudi Masisi na Rutshuru, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Wengi wenu mnakumbuka Mugunga na Bulengo za wakati ule.

Mwaka huohuo Numbi alitolewa kwenye anga akawekwa mkuu wa polisi ya taifa. Hata hivyo, Januari 2009, majeshi ya Rwanda yalipoingia kwa operesheni Umoja Wetu, ni yeye tena aliyekuwa mbele upande wa Kongo. Nkunda akakamatwa Rwanda. Tarehe 23 Machi 2009 CNDP ikatia sahihi mapatano na serikali hapa Goma. Tarehe hiyo ndiyo iliyowapa M23 jina lao mwaka 2012.

Juni 2010 Numbi alisimamishwa kazi baada ya mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya kukutwa amekufa Kinshasa. Numbi alikana kuhusika. Mwaka 2018 Kabila alimrudisha, akiwa mkaguzi mkuu wa jeshi. Rais Tshisekedi akamwondoa Julai 2020, na mwaka 2021 akatoka nchini. Jeshi likamhesabu kuwa mtoro.

Anga, polisi, ukaguzi: kila kiti kilitoka mkononi mwa rais, na rais alipobadilika, kiti kiliondoka. Lakini mapatano ya wakubwa hayaondoki pamoja nao. Yanabaki kwa mama aliyeacha shamba lake Masisi.

Basi leo tukisikia majenerali wamekutana tena, tuulize mapema: wamekubaliana nini, maandishi yako wapi, na nani atahakikisha kwamba waliokimbia wanarudi makwao salama?