Ufufuaji wa viwanja vilivyochafuliwa (Marekani)

Ufufuaji wa viwanja vilivyochafuliwa ni kazi ya kusafisha ardhi iliyoharibiwa na kemikali, mara nyingi katikati ya mji, ili ifae tena kwa biashara au makazi.

Vyanzo vya kawaida ni vituo vya mafuta, ambavyo matangi yake ya chini ya ardhi huvujisha benzini, na maduka ya udobi wa kemikali yaliyotumia perkloroethilini, kimiminika kizito kuliko maji kinachozama hadi kwenye maji ya ardhini.

Sheria ya mwaka 1980 iliweza kumbebesha mmiliki mpya gharama za uchafu ulioachwa na wengine, hivyo wanunuzi wengi waliviogopa viwanja hivyo. Mwaka 1993 serikali kuu ilifadhili mradi wa kwanza wa majaribio katika kaunti ya Cuyahoga, jimbo la Ohio. Sheria ya mwaka 2002 ikamkinga mnunuzi aliyechunguza kiwanja ipasavyo kabla ya kununua na kutimiza masharti yake.

Uchunguzi huanza na kumbukumbu za umiliki na ukaguzi wa eneo. Ikionekana dalili, ardhi huchimbwa vishimo vyembamba na sampuli za udongo na maji kupelekwa maabara. Udongo mchafu huondolewa au kufunikwa. Penye mvuke wa sumu, bomba hupitishwa chini ya sakafu hadi juu ya paa.

Mkahawa au duka dogo huweza kufunguliwa hapo kwa usalama, mradi usafishaji na ufuatiliaji visifanywe kwa pupa.