Ijue Ridgeway: njia ya miguu ya miaka 5,000

Leo nawaletea Ridgeway, njia ya kutembea kwa miguu iliyoko kusini mwa Uingereza, maana kuna la kujifunza humo.

Inaanzia Overton Hill karibu na Avebury, Wiltshire, na kuishia Ivinghoe Beacon, Buckinghamshire. Ni kilomita 139, wengi wanazimaliza kwa siku sita hivi. Ilifunguliwa rasmi kama njia ya taifa mwaka 1973, lakini inaaminika watu wameipita kwa miaka isiyopungua 5,000: wachungaji, wafanyabiashara, hata majeshi.

Kwa nini juu ya vilima? Jibu ni tope. Mabondeni kuna udongo mfinyanzi unaonata, wakati huko juu ni mawe ya chaki, mvua ikinyesha maji yanazama upesi. Ila uzuri huo huo ndio ubaya wake: maji ya kunywa juu huko ni shida, kwa hiyo anayekwenda abebe ya kutosha.

Njiani utakuta Wayland's Smithy, kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000. Hadithi inasema ukimwacha farasi wako hapo na sarafu, ukirudi unamkuta kapigiliwa viatu vya chuma na mhunzi usiyemwona. Jirani yake kuna Farasi Mweupe wa Uffington, mchoro wa mita 110 uliochimbwa kilimani na kujazwa chaki yapata miaka 3,000 iliyopita. Nyasi zingeshamfunika siku nyingi kama watu wasingekuwa wanampalilia na kumpigia chaki mpya kizazi hadi kizazi.

Hapo ndipo penye pointi yangu. Njia nayo haikubaki kwa bahati. Inapita kwenye mashamba ya watu, lakini sheria inamlinda mpita njia, mwenye shamba hawezi kuifunga kwa kujisikia tu. Magari yaliichimba makorongo, mpaka sheria ya mwaka 2006 ikapunguza sana haki ya vyombo vya moto kwenye njia za aina hiyo. Upande wa magharibi mpaka mto Thames, farasi na baiskeli ruksa. Mashariki, sehemu kubwa ni ya waenda kwa miguu tu.

Mimi naona njia inakufa siku watu wanapoacha kuipita na kuitetea. Je, njia za wazee huko kwenu bado zinapitika, au kuna mtu kashapiga uzio? Tiririkeni wadau.