Usafiri wa Burundi

Burundi haina bahari wala, hadi sasa, reli inayofanya kazi. Mlango wake wa majini ni bandari ya Bujumbura, kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo kutoka Dar es Salaam ilipata njia ya kupakiwa melini na kuendelea kaskazini, na mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Burundi, maeneo maalumu ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Ni njia nzuri kwenye ramani. Mizigo mingi, hata hivyo, huja kwa malori.

Barabara ya RN1 hupanda kwa kona kali hadi Bugarama, kuelekea Kayanza na Rwanda. RN3 hufuata ufuo hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Ile ya Gatumba, iendayo Uvira, hukumbwa na mafuriko ya mto Rusizi na ziwa.

Jijini Bujumbura, Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati. Kwa wakazi wa mitaa ya kaskazini kama Mutanga Nord, hilo lilimaanisha basi, teksi au miguu.