Wazee wa Baraza katika Mahakama Kuu, Jinja na Mbale

Uganda, ambayo Mahakama Kuu yake iliundwa chini ya Amri ya 1902, haikurithi kutoka Uingereza jopo la raia 12 wanaoamua hatia, bali ilipata wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa kando ya jaji na kumshauri, mfumo ambao Waingereza walikuwa wameutumia kwanza India. Sheria ya mwaka 1971 ya kuendesha kesi kubwa za jinai iliendeleza utaratibu huo, hivyo kwamba jaji anayesikiliza kesi ya mauaji Jinja, kwa Wasoga, au Mbale, kwa Wagisu, hukaa na wazee wasiopungua wawili, ambao huapa, husikiliza ushahidi, kisha, baada ya jaji kuwafafanulia sheria, kila mmoja hutoa maoni yake kwa mdomo. Maoni hayo hayamfungi jaji, ingawa akiyakataa hana budi kueleza sababu. Jina la "mzee", hata hivyo, linapotosha kidogo, kwani sheria ilidai umri wa miaka 21 hadi 60 na ufahamu wa Kiingereza, lugha ya mahakama, masharti ambayo yaliwaacha nje wengi waliozijua mila kwa undani.